Kuishiwa nguvu kwa mama anayenyonyesha bila kula nafaka wala sukari: dalili, visababishi na marekebisho

Malalamiko ni yale yale, ingawa sababu za kuacha nafaka hutofautiana. Mama mmoja ameacha ugali, wali na chapati wiki chache baada ya arobaini ili mwili urudi ulivyokuwa. Mwingine aliambiwa wakati wa ujauzito kwamba sukari yake iko juu, akaendelea na masharti yale yale hata baada ya mtoto kuzaliwa. Wa tatu amesikia kwamba ngano ndiyo inayomjaza mtoto gesi. Baada ya siku kadhaa wote hueleza hali inayofanana: miguu haina nguvu, kichwa ni chepesi, kupanda ngazi kumekuwa kazi, na mtoto akilala mchana mama anabaki amekaa tu, hana hamu hata ya kuoga.

Mwongozo huu umepangwa kwa dalili. Chini ya kila dalili, kisababishi kinachotokea mara nyingi zaidi kinatangulia na kile cha nadra kinafuata, na uchunguzi unaoweza kufanyika nyumbani unatangulia ule wa maabara. Naamini inawezekana kunyonyesha vizuri bila nafaka wala sukari ya mezani, na jamii zetu zimekuwa na vyakula vya namna hiyo tangu zamani: mtori wanaopikiwa wazazi wa Kichaga, matoke ya Kagera na Uganda, mihogo na viazi vya nazi vya pwani. Tatizo, katika hali nyingi, ni kwamba nafaka imeondolewa sahanini na mahali pake pakaachwa wazi.

Dalili ambazo hazisubiri marekebisho ya nyumbani

Nenda hospitali mara moja, usiku au mchana, ukiwa na mojawapo ya hali hizi: kutapika kusikokoma pamoja na kuhema haraka au kwa kina, kuchanganyikiwa au kupoteza fahamu, maumivu ya kifua au kukosa pumzi, maumivu makali ya kichwa yanayoambatana na kuona maluweluwe, hasa katika wiki 6 za kwanza, kwa sababu kifafa cha mimba kinaweza kutokea hata baada ya kujifungua, kutokwa damu inayolowesha pedi nzima ndani ya saa moja, homa ya nyuzi 38 au zaidi, mguu mmoja kuvimba na kuuma, au mawazo ya kujidhuru au kumdhuru mtoto. Mama mwenye kisukari anayetumia insulini au vidonge vya kushusha sukari asiondoe nafaka kabla ya kuzungumza na daktari wake, maana dozi iliyopimwa kwa mama anayekula ugali inaweza kumwangusha mama asiyekula ugali.

Uchovu wa siku nzima, hata baada ya kulala

*Chakula hakitoshi.* Hiki ndicho kisababishi cha kwanza, na ndicho ambacho mama wengi hukikana kwa dhati kabisa, kwa kuwa wanahisi wameshiba. Hesabu itasaidia hapa. Mama anayemnyonyesha mtoto maziwa yake pekee katika miezi 6 ya kwanza huhitaji takribani kalori 500 za ziada kila siku, juu ya mahitaji yake ya kawaida. Hutoa maziwa yapatayo robo tatu za lita kwa siku, na ndani yake mna zaidi ya gramu 50 za sukari ya maziwa, ambayo matiti huitengeneza kutokana na glukosi iliyo katika damu yake. Kwa hiyo, hata asipoweka sukari kinywani, mwili wake unatakiwa kuitoa, na kama haipati katika chakula utaitengeneza kwa gharama ya misuli na akiba yake. Ndiyo maana wataalamu wa lishe wanapendekeza mama anayenyonyesha apate takribani gramu 210 za wanga kwa siku, ilhali mwanamke asiyenyonyesha anatosheka na gramu 130.

Sasa tuitazame sahani. Gramu 150 za unga wa mahindi, ambazo zinatosha ugali wa mlo mmoja wa mtu mzima, hutoa kalori zisizopungua 500. Mama akiondoa sahani hiyo moja tu bila kuweka kitu, amefuta nyongeza yote ya kunyonyesha. Fikiria siku ya mama anayekunywa chai kavu na mayai mawili asubuhi, samaki na mchicha mchana, nusu ya parachichi alasiri, halafu kuku na kachumbari jioni. Ni vyakula bora, kila kimoja, lakini vyote kwa pamoja huenda visizidi kalori 1,200, na wanga wake haufiki gramu 40. Mama huyo hana ugonjwa wowote. Anakula nusu ya anachokihitaji.

Uchunguzi rahisi: andika kwa siku 3 kila ulichokula na kiasi chake, pamoja na ulichoonja jikoni. Kisha jiulize maswali mawili. Je, kila mlo ulikuwa na chakula cha kushibisha, yaani viazi, ndizi, mihogo, magimbi, maboga au jamii ya maharage? Je, uzito unashuka kwa zaidi ya nusu kilo kwa wiki? Kushuka kwa kiasi cha nusu kilo kwa wiki, baada ya wiki 6 za mwanzo, hakumdhuru mama mwenye uzito wa kutosha wala mtoto wake. Kushuka kwa kilo moja na nusu au mbili kwa wiki ni dalili kwamba mwili unajila.

Kurekebisha ni kujaza pengo, si lazima kurudia nafaka. Gramu 300 za viazi vitamu vya kuchemsha zina wanga wa gramu zipatazo 50. Gramu 300 za ndizi za kupika zilizochemshwa zina gramu zipatazo 85. Kikombe kimoja cha maharage yaliyopikwa kina gramu 40 hivi. Vikombe viwili vya maziwa vina gramu 24. Na matunda mawili, kama chungwa na kipande kizuri cha papai, yana gramu 30. Ukijumlisha, umevuka 210 bila punje moja ya mahindi wala kijiko cha sukari. Lakini lipo jambo linalowakwaza wengi: viazi vitamu vimejaa maji, kiasi kwamba ili kupata nguvu ya ile sahani moja ya ugali ingekubidi ule zaidi ya gramu 600, na tumbo hujaa kabla hujafika hapo. Kwa hiyo vyakula hivi vipikwe na kitu chenye mafuta, kama tui la nazi, karanga za kusaga au samli, au viliwe na parachichi. Wapishi wa futari walilijua hili kabla ya mtu yeyote kuhesabu kalori.

Hapa pia niseme kuhusu marufuku yanayopanuka yenyewe. Mama huanza kwa kuacha nafaka, yaani mahindi, mchele, ngano, mtama, uwele na ulezi. Wiki inayofuata anaacha maharage, kunde, choroko na dengu kwa kudhani nazo ni nafaka. Kisha anaacha viazi kwa kuwa ni wanga, na mwishoni anaacha matunda na maziwa kwa kuwa yana sukari. Kunde si nafaka. Sukari iliyo ndani ya embe au maziwa si ile ya kwenye kopo la chai. Kama hakuna daktari aliyekukataza vyakula hivyo kwa sababu ya ugonjwa unaojulikana, virudishe leo.

*Usingizi uliokatika.* Chakula kizuri hakilipi deni la usingizi. Hata hivyo uchovu wa usingizi una alama yake: ukipata saa 4 mfululizo kwa siku mbili tatu, kwa kumwachia mtoto bibi yake au baba yake baada ya kunyonyesha, unajisikia mtu mwingine. Ukiipata nafasi hiyo na bado mwili ni mzito vilevile, endelea kutafuta.

*Upungufu wa damu.* Katika mazingira yetu hiki kiko karibu sana na nafasi ya kwanza. Utafiti wa kitaifa wa afya uliofanyika Tanzania mwaka 2015 na 2016 ulikuta wanawake 45 kati ya kila 100 wenye umri wa miaka 15 hadi 49 wana upungufu wa damu, na mama aliyejifungua hivi karibuni ameongeza juu yake damu ya uzazi, pengine na upasuaji. Kuacha nafaka kunaingia hapa kwa mlango usiotazamiwa. Tanzania kuanzia 2011 na Kenya kuanzia 2012 zimeweka sheria inayotaka unga wa ngano na wa mahindi unaosagwa viwandani uongezwe virutubishi, yakiwemo madini ya chuma na asidi ya foliki. Mama aliyekuwa akila unga wa aina hiyo alikuwa akipata nyongeza asiyoijua, na alipouacha hakuna aliyemwambia aitafute kwingine.

Jitazame kwanza: ndani ya kope za chini, viganja na ulimi vimepauka? Moyo unakwenda mbio kwa kazi ndogo? Unatamani kutafuna udongo, barafu au mchele mbichi? Hata usipoona dalili hizo, pima wingi wa damu. Ni kipimo cha bei nafuu kinachopatikana hata katika zahanati nyingi. Kwa mwanamke asiye mjamzito, chini ya gramu 12 kwa desilita ni upungufu. Shirika la Afya Duniani linashauri kwamba pale ambapo upungufu wa damu wakati wa ujauzito umeenea, mama aendelee na vidonge vya madini ya chuma, pamoja na asidi ya foliki au bila hiyo, kwa wiki 6 hadi 12 baada ya kujifungua. Mama wengi huviacha siku wanayotoka wodini. Vinywe pamoja na chungwa au ukwaju, mbali na chai, kahawa na maziwa kwa angalau saa moja, kwa kuwa vinywaji hivyo huzuia madini ya chuma kufyonzwa. Maini, nyama, dagaa na kunde visaidie kazi hiyo. Damu ikiwa chini ya gramu 8, au ukiwa unazimia, usijitibu kwa maji ya rozela na vidonge vya dukani, nenda hospitali.

*Homa iliyojificha.* Uchovu wenye baridi, maumivu ya viungo au homa inayokuja na kuondoka upimwe malaria kabla ya kulaumiwa mlo. Titi lenye sehemu ngumu, nyekundu na ya moto, uchafu wa ukeni wenye harufu mbaya, au maumivu wakati wa kukojoa, vyote vinaweza kumlaza mama kwa uchovu kabla homa haijajitokeza waziwazi. Endelea kunyonyesha titi lililovimba, lakini uonwe na muuguzi siku hiyo hiyo.

Kizunguzungu na kichwa kuuma, hasa katika wiki ya kwanza ya mlo

Wanga ukipungua ghafla, insulini hushuka, na figo huanza kutoa chumvi na maji kwa wingi kuliko kawaida. Ndiyo sababu mzani hufurahisha katika siku 5 za mwanzo, kwa kuwa sehemu kubwa ya kilichopungua ni maji, na ndiyo sababu kichwa kinauma na macho yanaingia giza unapoinuka kitandani kumchukua mtoto. Angalia mkojo: ukiwa wa manjano iliyokolea na unakwenda haja mara chache, umepungukiwa maji. Weka chombo cha maji pale unaponyonyeshea na unywe kila mara mtoto anaponyonya, ukiongozwa na kiu yako. Kunywa maji kupita kiu hakuongezi maziwa. Kwa chumvi, bakuli la supu ya kuku, ya samaki au ya makongoro lenye chumvi ya kawaida linatosha. Hakikisha ni chumvi yenye madini joto, kwa maana mahitaji ya madini hayo hupanda wakati wa kunyonyesha hadi maikrogramu 250 kwa siku, na chumvi za mawe zinazouzwa kama chumvi za asili mara nyingi hazina madini hayo. Mwenye shinikizo la juu la damu asiongeze chumvi bila ushauri.

Kisababishi cha pili ni kuacha sukari na chai kwa siku moja. Mama aliyekuwa anakunywa vikombe vinne vyenye vijiko viwili viwili ameondoa vijiko vinane, yaani gramu 32 hivi na kalori zipatazo 130, na kama ameacha na majani ya chai, kichwa kinadai kafeini. Maumivu ya namna hiyo hupungua ndani ya siku chache. Kupunguza kidogo kidogo ni bora kuliko kukata. Kikombe kimoja au viwili vya chai kwa siku havimdhuru mtoto, mradi visishikane na mlo. Mama huuliza pia kama asali inahesabiwa kuwa sukari. Ndiyo, ni sukari, ingawa mama anaweza kuila bila hofu. Asirambishwe mtoto aliye chini ya miezi 12, hata ncha ya kidole, kwa hatari ya sumu ya botulizimu.

Kizunguzungu kinachoendelea baada ya wiki ya pili kipimwe damu na shinikizo la damu.

Kutetemeka, jasho la ghafla na njaa kali baada ya kunyonyesha

Hali hii hutokea mara nyingi alfajiri au saa tano asubuhi. Mama amekula saa moja usiku, amenyonyesha mara nne usiku kucha, na anapofika saa mbili asubuhi bila kutia kitu kinywani saa 13 zimepita. Rekebisha pengo hilo kwanza. Kula kila baada ya saa 3 au 4, na uweke kando ya kitanda kitu kisichohitaji moto: ndizi mbivu, viazi vilivyochemshwa tangu jioni, karanga, mayai, maziwa ya mgando. Kila kitafunwa kiwe na wanga na protini pamoja, kwa sababu tunda peke yake hupandisha nguvu na kuiangusha mapema.

Mfungo unastahili kutajwa hapa. Mama wa Kiislamu anayenyonyesha ana ruhusa ya kula mchana wa Ramadhani anapohofia afya yake au ya mtoto, na anayefunga saumu huku ameacha nafaka amejiwekea mizigo miwili kwa wakati mmoja. Ningemsihi achague mmoja, au autue wote miwili mtoto akiwa bado ananyonya pekee. Wanaofunga kula kwa saa 16 kila siku ili wapungue, wasifanye hivyo wakiwa wananyonyesha mtoto mchanga.

Kama kutetemeka kunatokea hata baada ya kula, moyo unapiga haraka ukiwa umekaa, joto hulivumilii na uzito unaporomoka ingawa unakula vizuri, tezi ya thairoidi iliyo shingoni inaweza kuwa imevurugika. Baada ya kujifungua tezi hiyo huvimba kwa baadhi ya wanawake: kati ya mwezi wa 1 na wa 4 huzidisha kazi, kisha kati ya mwezi wa 4 na wa 8 huzembea, na hapo mama huona baridi, ngozi kavu, kukosa choo na usingizi usioisha. Kipimo ni cha damu, na tiba ipo.

Kichefuchefu, kutapika na kuhema haraka

Nakusihi usome sehemu hii hata kama kwa sasa huna dalili hiyo. Wanga ukikosekana, mwili huchoma mafuta na kutoa ketoni, yaani kemikali zenye tindikali. Kwa mtu asiyenyonyesha, ketoni za mlo huwa kiasi na hazina madhara makubwa. Kwa mama anayenyonyesha, ambaye glukosi yake inachotwa mchana na usiku kwa ajili ya maziwa, zinaweza kurundikana hadi damu ikawa na tindikali. Ni hali ya nadra, lakini inaua isipotibiwa. Mwaka 2015 madaktari wa Sweden walichapisha taarifa ya mama wa miaka 32, aliyekuwa ananyonyesha mtoto wa miezi 10, ambaye baada ya siku 10 hivi za mlo wenye wanga usiozidi gramu 20 kwa siku alipungua kilo 4, akaanza kujisikia vibaya, kutapika na kutetemeka, akafikishwa hospitalini damu yake ikiwa na tindikali kali. Alipona kwa matibabu. Taarifa za namna hiyo zimetoka katika nchi nyingine pia, na mara nyingi kuna kitu kilichosukuma: ugonjwa wa kuhara au kutapika, kufunga, kunyonyesha mapacha, au kukosa hamu ya kula kwa siku mbili tatu.

Dalili ni kichefuchefu na kutapika, tumbo kuuma, kiu kali, moyo kwenda mbio, pumzi za haraka au za kina kama za mtu aliyekimbia, na wakati mwingine harufu ya pumzi inayofanana na tunda lililooza au dawa ya kuondolea rangi ya kucha. Ukiona kichefuchefu kidogo tu, weka masharti yako pembeni saa hiyo hiyo na unywe au ule chenye wanga mwepesi: juisi ya matunda, ndizi mbivu, hata chai ya sukari au uji. Hakuna mlo ulio na thamani ya kushikiliwa katika saa hiyo. Kama hupati nafuu ndani ya saa chache, kama unatapika kila unachomeza, au kama unahema, usisubiri asubuhi.

Hospitalini sema maneno haya mwanzoni kabisa: ninanyonyesha, na nimeacha nafaka na sukari tangu siku fulani. Omba upimwe ketoni katika damu au mkojo, pamoja na tindikali ya damu. Ni muhimu kulisema, kwa kuwa sukari ya damu inaweza kusomeka ya kawaida au hata ya chini, na anayejua ketoasidosisi (hiyo tindikali ya ketoni katika damu) ya wenye kisukari pekee anaweza kukurudisha nyumbani kwa sababu kipimo cha sukari kiko sawa.

Kichefuchefu cha asubuhi bila dalili nyingine kina uwezekano mwingine pia: ujauzito mpya. Kunyonyesha hukinga mimba pale tu ambapo mtoto yuko chini ya miezi 6, ananyonya pekee usiku na mchana, na hedhi haijarudi.

Maziwa yanaonekana kupungua

Mara nyingi hayajapungua. Matiti huwa laini baada ya wiki za mwanzo, na mtoto anayekua kwa kasi hudai kunyonya mfululizo kwa siku kadhaa. Angalia nepi: mtoto aliyepita siku ya 5 anayelowesha nepi 6 au zaidi kwa saa 24, na anayeongezeka uzito kwenye kadi ya kliniki, anapata maziwa. Yakiwa yamepungua kweli, sababu ya kawaida ni titi kutokamuliwa vya kutosha, yaani mtoto kushika chuchu vibaya, ratiba ya saa maalumu, au chupa za maziwa ya kopo. Njaa ya mama hufuata baadaye, hasa pale kalori zinaposhuka chini ya 1,500 au uzito unapoporomoka. Ongeza chakula na kunyonyesha kwa wakati mmoja. Mtoto asiyeongezeka uzito, anayelala kupita kiasi au ambaye nepi zake ni kavu aonwe siku hiyo hiyo.

Misuli kukaza na choo kigumu

Mboga za majani, maharage, parachichi, ndizi na maji hutatua zote mbili kwa wengi, kwa kuwa kilichopungua ni makapi, yaani nyuzinyuzi za chakula, pamoja na madini ya potasiamu na magnesiamu. Wanaobadilisha ugali wa mahindi kwa ugali wa muhogo wazingatie mambo mawili. Unga wa muhogo una protini kidogo mno, kwa hiyo uliwe na dagaa, samaki au kunde. Tena utoke kwa muuzaji unayemwamini, kwa kuwa mihogo michungu isiyolowekwa na kuanikwa ipasavyo hubaki na sumu, ile ile inayohusishwa na ugonjwa wa konzo unaopoozesha miguu katika Kongo, Msumbiji na baadhi ya maeneo ya Tanzania. Kisamvu nacho kitwangwe na kichemshwe vizuri.

Nguvu hakuna, na hamu ya kitu chochote hakuna

Hapa mlo unaweza kuwa matokeo badala ya kuwa chanzo. Mama mwenye sonona baada ya kujifungua hupoteza hamu ya kula, na wengine huanza kushikilia masharti makali ya chakula kwa kuwa ndicho kitu pekee wanachohisi wanaweza kukitawala. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba katika nchi zinazoendelea karibu mama mmoja kati ya watano hupata tatizo la afya ya akili baada ya kujifungua, hasa sonona. Kama kwa wiki 2 au zaidi unalia bila sababu, hulali hata mtoto anapolala, unajiona mama asiyefaa, au mtoto ameanza kuonekana mgeni kwako, mwambie muuguzi wa kliniki kwa maneno hayo hayo. Wenye kumtunza mzazi wasimwambie kwamba ni uvivu wala ukosefu wa imani. Dawa kadhaa za sonona zinaweza kutumika wakati wa kunyonyesha, na daktari atachagua inayofaa.

Umekula vya kutosha kwa wiki mbili na bado huna nguvu

Acha kubadilisha mlo na uende kupimwa. Vipimo vya kuomba, kwa mpangilio wa uwezekano, ni wingi wa damu na akiba ya madini ya chuma, malaria, mkojo, tezi ya thairoidi, ujauzito, choo kwa ajili ya minyoo, na sukari ya damu. Aliyekuwa na kisukari cha mimba anapaswa kupimwa sukari upya kati ya wiki ya 4 na ya 12 baada ya kujifungua, na majibu hayo ndiyo yatakayoonyesha kama yale masharti ya ujauzito bado yana kazi. Kikohozi cha wiki 2 au zaidi, jasho la usiku na kupungua uzito vitajwe pia, ili kifua kikuu kichunguzwe.

Nenda na orodha yako ya siku 3 za chakula, kadi ya mtoto, na majina ya dawa zote unazotumia, zikiwemo za asili na chai za kupunguza uzito. Chai hizo ziache tangu leo. Nyingi ni dawa za kuharisha, na nyingine huchanganywa na vitu visivyoandikwa kwenye pakiti, ambavyo mtoto atavipata kupitia maziwa.